Mlango Hufunguliwa kwa Ndani: Filamu za Kutisha za 2017 na Safari za Handeni



Leo tuzungumze muvi. Najua wapo watakaoguna: majini na mashetani yameingiaje kwenye mazungumzo ya harusi? Nivumilieni. Maoni yangu nayatanguliza kabisa. Mwaka 2017 ulitoa filamu za kutisha zinazomhusu bi harusi wa kwetu kuliko tamthilia nyingi za mapenzi tunazozikesha. Na ukiziangalia kwa makini, karibu zote zinasema neno moja: shari haikuvunja mlango. Aliyeifungulia ni mtu wa ndani, na alifungua kwa sababu alikuwa na shida.

Mimi ni mtu wa Unguja niliyeolewa Korogwe, mkoa wa Tanga. Kwa hivyo neno hilo silioni kwenye skrini tu. Nalisikia kwenye simu. Shoga wa zamani ananipigia baada ya miaka miwili ya kimya, tunasalimiana, tunaulizana watoto, kisha sauti inashuka: "Mwenzangu, si uko karibu na Handeni? Hebu nitafutie mtu." Mtu huyo si fundi cherehani. Mtu huyo ni mganga.

Basi tuanze na filamu, halafu tufike Handeni.

Mwaka wenyewe

Mwaka 2017 wapenzi wa filamu za kutisha walikula sikukuu. Februari ilitoka Get Out ya Jordan Peele, Mmarekani mweusi ambaye watu walimjua kwa vichekesho. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5 tu, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na Machi 2018 Peele akapewa Oscar ya hadithi iliyoandikwa moja kwa moja kwa ajili ya filamu, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Agosti ikaja Annabelle: Creation, ile ya mwanasesere. Septemba ikaja It, iliyotokana na kitabu cha Stephen King cha mwaka 1986, ikaingiza karibu dola milioni 700 duniani. Mwezi huohuo, Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote wakati ule, ikatoka Pengabdi Setan ya Joko Anwar, yaani "watumishi wa shetani". Ilirudia filamu ya mwaka 1980 yenye jina hilohilo, na zaidi ya watu milioni 4 walikata tiketi kwenda kuiangalia.

Huku kwetu wengi hatukwenda sinema. Tulizipata kama kawaida: unapeleka flashi dukani, kijana anakujazia muvi, unarudi nazo nyumbani. Nyingine zinakuja zimeshatafsiriwa na dijei, anayekueleza nani ni nani na nani atakufa kabla hujaona mwenyewe. Mawifi zangu hawaangalii filamu ya kutisha bila dijei. Wanasema anawapa ujasiri.

Get Out: kijana anapelekwa ukweni

Hii filamu, ukiivua mambo yote, ni hadithi ya mtu anayekwenda kutambulishwa ukweni. Chris, kijana mweusi, anapelekwa na mchumba wake mzungu kwa wazazi wake. Anayeigiza Chris ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Ukweni wanampokea kwa tabasamu pana. Mama mkwe mtarajiwa anajitolea kumponya uvutaji wa sigara: anamkalisha, anakoroga kijiko ndani ya kikombe cha chai taratibu, na kijana anajikuta amezama ndani ya nafsi yake mwenyewe, anaona lakini hawezi kunyanyua hata kidole. Baadaye anagundua kwamba familia ile huwavuta watu weusi, huwanadi, na kuwauzia wazee wa kizungu miili yao.

Sasa sikieni jambo ambalo Wamarekani wengi walilipita bila kulielewa. Filamu inapoanza, unasikika wimbo wa Kiswahili. Mtunzi wa muziki ni Michael Abels, na wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Wahenga wanamwonya kijana kwamba aondoke, akimbie. Chris hajui Kiswahili. Watazamaji wa Marekani hawajui Kiswahili. Lakini mimi nilipoiangalia Korogwe na mawifi zangu, waliokuwa ukumbini wote walishtuka tangu dakika za mwanzo. Wifi mkubwa akasema, "Mbona anaambiwa wazi na hasikii?"

Swali hilo la wifi nimelibeba mpaka leo. Mabi harusi, ni mara ngapi tunaambiwa kwa lugha tunayoijua na bado hatusikii? Mtu anakuchumbia lakini hataki umjue rafiki yake hata mmoja. Ndugu zake wanacheka sana na kueleza kidogo. Katika Get Out kuna kisanduku cha picha: Chris anakifungua na kuona picha za mchumba wake akiwa na watu weusi wengine kabla yake, mmoja baada ya mwingine. Kwetu sisi kisanduku hicho ni kule kuulizia. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipoweka muda wa posa kabla ya jibu. Muda ule ulikuwa wa kuuliza msikitini anakosali, kazini kwake na mtaani kwake, na kama aliwahi kuoa, kuuliza mke wa kwanza aliondokaje. Siku hizi tunauliza ukumbi una viti vingapi na keki itakuwa ya ngazi ngapi.

Na tazameni mama yule anavyofanya kazi. Hamfungi mtu kamba. Anaanza kwa kumuuliza shida yake na kumuahidi tiba, kisha anamrudisha kwenye jeraha la zamani, kifo cha mama yake, na mlango anaupata hapo. Likumbukeni hili, tutalihitaji tukifika kwa mganga.

Pengabdi Setan: mtoto kwa mkataba

Hii ndiyo ningependa kila somo aiangalie kabla ya kumfunda mwari wake.

Ni familia ya Kiislamu ya mwaka 1981. Mama, Mawarni, alikuwa mwimbaji mwenye jina. Anaugua miaka kadhaa, kitandani, ana kengele ya kuwaita watoto. Anakufa. Kisha kengele inaendelea kulia. Binti mkubwa, Rini, ndiye anayebeba nyumba nzima: wadogo zake watatu, bibi mzee, na baba anayekwenda kutafuta pesa.

Kidogo kidogo siri inatoka. Mawarni alikaa kwenye ndoa bila kupata mtoto. Mavyaa hakumtaka tangu mwanzo, kwa uimbaji wake na kwa kukosa kuzaa. Masikini ya Mungu, akaenda kwa watu wanaoabudu shetani, wakampa alichotaka. Akazaa, akazaa, wakawa wanne. Mkataba ulikuwa kwamba mtoto wa mwisho akifika miaka saba atachukuliwa.

Mashoga zangu, Indonesia ni mbali na sisi, lakini ni nani hapa hamjui Mawarni? Miezi mitatu baada ya harusi wanaanza kukutazama tumbo. Mwaka wa kwanza maswali yanakuwa dua: "Mungu akujaalie." Mwaka wa pili dua zinakuwa methali. Mwaka wa tatu unasikia mume ametafutiwa mwingine. Mtengenezaji wa filamu hakuhitaji kubuni kitu hapo. Mkataba umefunikwa jini, lakini aliyemsukuma Mawarni mpaka mlangoni ni maneno ya watu wa nyumba yake. Bibi katika filamu analijua hilo, na linamtesa.

Lipo nisilokubaliana nalo, na nitalisema. Rini anaposali usiku, kitisho kinamtokea palepale kwenye mswala. Ustadhi wa mtaa anakuja kuwanasihi, na mwisho wake unakuwa mbaya. Filamu inataka tutoke tukiamini kwamba sala haimkingi mtu. Naelewa kwamba mtengenezaji anatafuta mahali pa kutushtua ambapo hatukutegemea. Lakini mwanamke anayeangalia saa tano za usiku peke yake, na mumewe yuko safarini, kesho yake anaogopa kusujudu ndani ya giza. Hiyo ni hasara. Kwa hivyo nasema iangalieni kwa somo la Mawarni, na sehemu ya mswala muiache kwenye skrini.

It na Annabelle: hofu iliyolala ndani

Katika It kuna klauni anayekula watoto, anaishi kwenye mifereji ya maji machafu, na kila baada ya miaka 27 anaamka. Watoto wanamwona. Wazazi hawamwoni. Nyie mlioiangalia, nani aliwatisha zaidi? Mimi klauni alinitisha kidogo. Aliyenitoa jasho ni baba wa Beverly, anayemshika binti yake nywele na kumuuliza maswali ambayo baba hamuulizi mtoto wake. Klauni anakula watoto wa mji ule kwa sababu watu wazima wamezoea kutazama pembeni. Mtoto anapoeleza jambo la mjomba au la mwalimu, nasi tukamwambia "nyamaza, utaleta aibu", tumeshamwandalia klauni sahani.

Annabelle: Creation ni ya mume na mke waliofiwa na binti yao mdogo kwa ajali. Huzuni inawazidi. Wanaomba, lakini si kwa Mola. Wanaomba kwa chochote kile kitakachowapa nafasi ya kumwona tena. Kinakuja kitu kinachojifanya mtoto wao, kinaomba ruhusa ya kukaa ndani ya mwanasesere, nao wanakubali. Wanakubali, mashoga zangu. Waliombwa ruhusa wakatoa.

Kijana aliyetaka kuacha sigara, mke aliyetaka mtoto, wazazi waliotaka kumwona aliyekufa: mahitaji yote hayo ni ya halali. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa ubaya. Hapo ndipo filamu hizi zinapokuwa za kweli kuliko zile za jini mwenye kwato linalotokea tu barabarani.

Handeni na Korogwe ninazozijua

Filamu za Kitanzania nazo zina mchango wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, na watu wakajua kwamba majini yanauza. Tangu hapo mganga wa filamu ana makazi ya kudumu: kama si Bagamoyo au Sumbawanga, ni Tanga, na ikisemwa Tanga ndani kabisa, ni Handeni. Jina la mji limegeuzwa kuwa jina la dawa. Watu wanasema "amepelekwa Handeni" kama wanavyosema "amepelekwa theatre".

Niwaambie Handeni ninayoijua. Ni mashamba ya mahindi na wakulima wanaotazama mawingu. Ni wanawake wanaotafuta maji mbali wakati wa kiangazi. Ni Wazigua, watu ambao historia yao ina kitisho cha kweli kuliko filamu yoyote. Karne ya 19, katika njaa kubwa, wengi wao walichukuliwa, wakauzwa, wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Somalia. Na biashara ile ya pwani ilipita katika mikono ya visiwa vyetu, tusijifiche. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wajukuu wa wajukuu zao walikimbia wakarudi, bado wanasema Kizigua, wakapokewa Handeni, na baadaye wakapewa makazi Chogo. Binadamu kunadiwa na kupotezewa mwili wake: Jordan Peele alibuni filamu, lakini watu wa Handeni wana kumbukumbu.

Na Korogwe ni mji wa barabara kuu, mto Pangani unapita, mashamba ya mkonge yamezunguka, mabasi ya Arusha na Moshi yanasimama abiria wale. Wasambaa, Wabondei na Wazigua wanaoana. Kuna waganga? Wapo, kama walivyopo Pemba, Unguja, Dar na Mombasa. Tena niwachekeshe: watu wa huku wakitaka mganga mkali, wanasema, "Nenda Pemba." Kila mtu anauweka uchawi ng'ambo ya maji.

Lakini nauli inalipwa kweli. Boti hadi Dar, basi la Chalinze, wengine wanashukia Mkata kuingia Handeni, wengine wanapita Segera hadi Korogwe. Wanakuja na bahasha. Wapo waliouza bangili za mahari. Na mganga, mashoga zangu, anafanya kazi kama mama yule wa kikombe cha chai. Anaanza kwa kukuuliza shida yako kwa upole. Anakuacha ulie. Kisha anakurudisha kwenye jeraha: nani alikusema vibaya siku ya harusi? Nani alikataa kula chakula chako? Unamtaja mwenyewe, kwa mdomo wako. Yeye anapiga bao na kukurudishia jina lilelile kana kwamba ramli ndiyo imesema: ni wifi yako, ni mavyaa wako, ni yule bibi jirani mwenye macho mekundu.

Hapo kitisho kinaanza, na ni kitisho cha kweli. Unarudi nyumbani na adui. Hunywi tena maji ya nyumba ya mavyaa. Mume anakatwa katikati. Unaandaliwa dawa ya kumtia kwenye chakula, limbwata, hujui imesagwa nini. Unapewa ya kujiweka wewe mwenyewe sehemu za siri, na mwili uliokwenda kutafuta mtoto unarudi na maambukizi yanayoweza kuziba mirija. Ukirudi mara ya pili, kuku. Mara ya tatu, mbuzi. Wengine wanaambiwa walale palepale, peke yao, bila mume kujua. Sitaeleza zaidi. Mmeshaelewa.

Hofu inapoua

Wapo watakaosema, "Bi dada, hayo ni mambo ya imani tu, yanamdhuru nani?" Nitawajibu kwa ya kwetu wenyewe. Mwaka 1995 Pemba kisha Unguja zilikumbwa na hofu ya popobawa. Wenye umri mnakumbuka, watu walilala nje makundi makundi. Katika hofu ile aliuawa mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliyetoka bara, kundi la watu lilimdhania kuwa yeye ndiye popobawa. Jinamizi halikuua mtu usiku ule. Watu ndio walioua.

Bara nako, vikongwe wameuawa kwa sababu mpiga ramli aliwataja, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mganga aliahidi utajiri. Ndiyo maana Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Tanzania Bara ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, na kumtangaza mtu kuwa mchawi kunaweza kukufikisha mahakamani. Ramli inapomtaja wifi yako, imeanza safari hiyohiyo, hata kama haitafika mwisho.

Sisemi kila mti wa dawa ni ushirikina. Tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga. Mtu anayekupa mzizi wa tumbo, akakwambia ni mti gani na unachemshwaje, huyo ni mtabibu. Anayekuuliza jina la mama yako, akataka kuku wa rangi fulani na nguo uliyoivaa, akanong'ona usiyoyaelewa, huyo si mtabibu hata akitundika aya ukutani na kuvaa kanzu. Na sisi Waislamu tumeshaelezwa katika Sahih Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza, sala yake haikubaliwi siku 40. Tunakwenda kuomba mtoto kwa Mola huku tumejifungia mlango wenyewe.

Kwa anayetafuta mtoto

Kwanza, si peke yako. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kupata mtoto wakati fulani maishani. Wataalamu wanalihesabu kuwa tatizo baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga bila mimba. Miezi mitatu baada ya fungate hakuna tatizo, kuna haraka za watu tu. Ukiwa umefikisha miaka 35, nenda mapema zaidi, baada ya miezi sita.

Pili, nendeni wawili. Mara nyingi sababu iko kwa mume, au kwa wote wawili. Kipimo cha mbegu za mwanamume ni rahisi na si ghali ukilinganisha na safari moja ya Handeni, mbuzi pembeni. Wewe utaangaliwa uvimbe kwenye kizazi, homoni, mirija, na maambukizi ya zamani. Mengi yana tiba, hasa yakiwahiwa. Mwanamke anayezungushwa miaka mitano kwa waganga anapoteza ile miaka mitano ambayo daktari angeitumia.

Tatu, mambo haya wekeni kwenye mazungumzo kabla ya ndoa. Muulize mchumba wako: Mola asipotujaalia mara moja, tutafanya nini? Utakubali kupimwa? Mama yako akisema, utanisimamia? Mwanamume anayekasirika kwa swali hilo amekujibu. Wahenga wamesema kwa Kiswahili, nawe unakijua.

Nne, mnaoitwa mavyaa na mawifi. Ninyi ndio mnaomsindikiza Mawarni mpaka mlangoni, au mnaomshika mkono akarudi. Mavyaa wangu Mzigua, mama ambaye hakusoma darasa nyingi, alinikalisha mwaka wangu wa kwanza akaniambia, "Mwanangu, atakayekuuliza tumbo mwambie aniulize mimi." Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena. Hiyo ndiyo dawa kubwa niliyoipata upande huu wa Handeni, na sikulipa hata kuku.

Tuangalie au tusiangalie?

Najua wapo masheha na walimu wanaosema filamu hizi ziachwe kabisa, na ninaheshimu hoja yao. Kitu kinachokufanya uogope giza kuliko unavyomuogopa Mola wako hakina kheri. Zina damu, zina matusi, na hazifai mbele ya watoto. It hasa, msidanganyike kwa kuona waigizaji ni watoto mkadhani ni ya watoto. Mjamzito na mwenye wasiwasi wa usiku aziache. Usiangalie saa moja kabla ya kulala, na nyiradi za jioni zisikupite.

Lakini kwa mtu mzima mwenye moyo wake, naona hadithi ya kutisha ina kazi ileile iliyofanywa na hadithi za mazimwi za bibi zetu. Zimwi lilimchukua msichana aliyekataa kuulizia ukoo wa mchumba. Leo zimwi limevaa suti na linaongea Kiingereza au Kiindonesia. Funzo ni la kale: jua unayemfungulia, na usiache shida yako ikushikie ufunguo.

Kwa hivyo wiki ya fungate ikipita, kaeni wawili muangalie Get Out, halafu zungumzeni kuhusu koo zenu. Somo na mwari waangalie Pengabdi Setan mchana kweupe, na somo aeleze kwa nini Mawarni hakuwa mbaya, alikuwa mpweke. Kinamama waangalie It bila watoto, kisha wakamsikilize yule binti anayekataa kwenda nyumba fulani na hasemi kwa nini.

Na wewe unayetaka kunipigia simu kesho, nipigie tu. Karibu Korogwe, nitakupikia bada na samaki, nitakupeleka mtoni upunge upepo. Ukitaka daktari nitakusindikiza mpaka hospitali ya Magunga na nitakaa nawe kwenye benchi. Ukitaka mtu wa Handeni, ninao wengi: wakulima, walimu, wakunga, na mavyaa mmoja mwenye maneno matamu.

Mola awajaalie wenye kutafuta, awape subira wanaosubiri, na azilinde nyumba zetu dhidi ya shari ya nje na ile tunayoifungulia wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.